Zamu ya Maji ya Mama Yangu

Majina yote ninayo. Ukiniuliza nani alikaa nyumba ya tatu kutoka kanisani, mkewe alitoka ukoo gani, na mbuzi wao aliyekula mahindi ya mwalimu walimwitaje, nitakujibu papo hapo. Lakini humu sitamtaja mtu kwa jina. Wengine wamelala kaburini na wajukuu wao wanajua kusoma. Wengine wako hai na hawajanipa ruhusa. Nitasema tu rafiki yangu mrefu na rafiki yangu wa nyumba ya juu, na wakisomewa watajijua wenyewe.

Tulikuwa watatu. Kwetu ni mlimani, Upare wa kusini, juu ya Gonja, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka saa nne. Mwaka wa Uhuru nilikuwa na umri wa kubeba debe nusu. Rafiki yangu mrefu alikuwa ameshafika debe zima, na alituringia kwa hilo mpaka tulipoolewa. Shule niliishia darasa la pili. Baba alipofariki mama aliniambia, "Mwanangu, kalamu haipalilii," nikabaki naye. Sikuwa na kaka wala dada. Mguu wa mama ulikuwa umevunjika zamani ukaunga vibaya, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa miguu yake. Tulikuwa na kibanda, migomba michache, na shamba la maharage kwenye mteremko ambalo bila maji ya mfereji lilikuwa mawe matupu.

Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe. Wazee wa wazee wetu ndio waliolijenga. Maji ya kijito yanajikusanya humo usiku kucha, asubuhi tundu linazibuliwa, maji yanashuka kwa mfereji na kila nyumba inayapokea kwa zamu yake. Zamu hainunuliwi. Inashikwa kwa kazi. Tope likizidi, ndiva inakaushwa, mzee wa maji anapiga pembe jioni, na kesho yake ni msaragambo. Kila nyumba inatoa mtu wake, na kila mtu anatoa tope kwenye sehemu ya nyumba yake, na nyumba zinaitwa moja moja. Nyumba isiyokuwa na wa kuitikia inaondolewa zamu. Hakuna anayegombana na wewe. Maji yanapita tu kando ya shamba lako yakienda kwa mwenzako, nawe unayasikia.

Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kukanyaga. Udongo wa kuzibia ukingo unamwagiwa maji, halafu mnapanda juu yake, mnashikana mabega na kukanyaga mpaka unashikamana kama ugali wa jana. Rafiki yangu wa nyumba ya juu alikuwa na miguu midogo, tukamwambia anakanyaga kama kuku. Mama yake alikuwa anatuletea makande kwenye chungu kimoja, sisi watatu, na alikuwa anatupangia: huyu ale upande huu, huyu upande huu, maana yule mrefu alikuwa na mkono mrefu pia. Hakuwa mama yangu, lakini tumbo langu lilimjua.

Siku moja, hatukuwa hata na miaka kumi, tulikwenda ndiva peke yetu mchana, tukachomoa kizibo ili tuone maji yanatokaje. Yalitoka! Kizibo kilituponyoka, maji yakashuka yote, yakasomba tuta la maharage la mzee mmoja mkali ambaye siku ile haikuwa hata zamu yake. Tukaulizwa ni nani. Kila mmoja akatazama chini. Mama zetu walitupiga, kila mmoja wake, na hakuna aliyesema mkono ulikuwa wa nani. Mpaka leo, ninavyoandika, tuna miaka zaidi ya sabini, mjukuu wangu akinipigia simu kwao mlimani nikampata yule mrefu, neno la kwanza baada ya shikamoo za utani ni hilo.

"Ulikuwa mkono wako."

"Wangu? Mimi nilikuwa nashika nguo yako usizame."

"Nguo gani? Ulikuwa na nguo ya kushikwa wewe?"

Mjukuu anashangaa bibi zake wanagombania maji yaliyomwagika kabla mama yake hajazaliwa.

Basi. Niliolewa nyikani. Ndivyo tunavyosema sisi wa juu, nyikani, hata kama ni pale chini tu unapopaona kwa macho. Mume wangu alikuwa Mpare mwenzetu wa upande mwingine, akikata mkonge katika shamba moja upande wa Bendera. Mama alikubali kwa sharti moja, alilisema mbele ya wazee: pembe ikilia, binti yangu atapanda aje kushika sehemu ya nyumba yangu. Mume wangu akasema, "Nimesikia, mama." Na miaka ya mwanzo alilishika neno lake. Nilikuwa napanda na jembe langu begani, nalala kwa mama, nashuka kesho yake.

Kisha vikaja vijiji. Tuliambiwa tuhame kutoka vibanda vyetu vya kambi ya mkonge, tukapangwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimenyooka kama mistari ya daftari. Sisemi kilikuwa kibaya. Palikuwa na kisima, palikuwa na darasa la watu wazima ambako ndiko nilikoongeza hizi herufi ninazoandikia. Lakini kutoka kijijini kulitaka barua ya ruhusa, na kazi ya shamba la pamoja ilikuwa na siku zake, na siku zake zilikuwa karibu zote. Kutoka mlangoni kwangu niliuona mlima wetu mzima. Asubuhi, ukungu ukifunguka, niliweza kukuonyesha kwa kidole: pale penye giza ni msitu, chini yake kidogo ni ndiva, kushoto ni kwa mama. Ni heri ningeolewa mbali, Tabora huko, nisiwe naona. Jirani yangu, mwanamke aliyetoka Kigoma na wazazi wake kufuata mkonge, aliniambia, "Mwenzangu, geuza mlango." Nilicheka, lakini nililifikiria.

Miaka mitatu pembe ililia na mimi sikupanda. Mara ya kwanza ilikuwa palizi. Mara ya pili nilikuwa na mimba nzito. Mara ya tatu katibu wa kijiji alisema barua zimekwisha. Nilijua mama ameshapoteza maji, nikalia kama mtu aliyefiwa. Jumatano iliyofuata kwenye gulio nikamkuta rafiki yangu mrefu ameketi nyuma ya tangawizi zake.

"We mke wa nyikani," akaniita watu wakageuka, "umenenepa au ni vumbi?"

"Vumbi. Ukinipangusa utanikuta mwembamba."

"Kaa. Maji ya mama yako yapo."

Nikakaa. Akaniambia kwamba nyumba ya mama ilipoitwa, yeye aliitikia. Alimaliza sehemu yake, akaenda sehemu ya mama, na wa nyumba ya juu akamsaidia. Mzee wa maji akamtazama akasema, "Wewe ni nyumba ngapi?" Akajibu, "Mimi ni mrefu, baba, natosha mbili." Watu wakacheka, ikapita. Miaka yote mitatu walikuwa wamefanya hivyo, na hawakuwa wameniambia ili nisijisikie vibaya.

Gulio ndilo lilikuwa barua yetu. Halikuhitaji ruhusa kwa kuwa lilikuwa chini ya mlima, karibu na kijiji chetu, ila tulikwenda kwa kundi na balozi wa nyumba kumi na kurudi kwa kundi. Nilipata muda wa kununua chumvi na kusikia habari moja. Rafiki mmoja akishuka wiki hii, mwingine anashuka wiki ijayo. Walinieleza nani kazaa, nani kahama, maharage ya mama yamefika wapi. Na kabla hatujaachana, lazima mmoja angechokoza jambo la zamani, makande, kukanyaga, kizibo, tukacheka haraka haraka kama watu wanaokula wamesimama.

Sasa ndio ikaja ile Jumatano. Yule mrefu hakunitania. Alikuwa amekaa na mikono mapajani.

"Mzee wa maji amesema basi," akaniambia. "Jumatatu ndiva inakaushwa. Jumanne ni msaragambo. Nyumba itakayoitikiwa na mtu wa nyumba nyingine inaondoka."

"Kwa nini sasa?"

"Wapo watu wapya wanaotaka maji. Amesema wewe umeandikwa huko chini. Amesema mtu hawezi kuandikwa kwa mabalozi wawili."

"Mama amesemaje?"

"Mama yako amesema usisumbuliwe. Ndiyo maana nimekuja kukusumbua."

Nilikwenda kwa katibu siku ileile. Alikuwa kijana, amesoma, si mtu mbaya, ila alipenda kuulizwa mara mbili.

"Ndugu katibu, naomba barua ya Jumanne. Nakwenda mlimani."

"Kufanya nini?"

"Kutoa tope."

"Tope? Mama, hapa kwetu hakuna tope?"

"La hapa si la mama yangu."

Waliokuwa pale wakacheka, naye akacheka, na nadhani kicheko ndicho kilichoniandikia barua ile. Lakini aliandika siku moja. Kutoka asubuhi, kurudi jioni, na barua irudishwe mkononi mwake. Jumatano yake ilikuwa palizi ya shamba la pamoja na nyumba yetu ilikuwa ya kwanza kwenye safu.

Nikamwambia mume wangu. Hakuwa mtu wa ngumi. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na ukimya wake ulikuwa na kuta. Mwisho akasema, "Mtoto atabaki."

Mtoto wetu wa pili alikuwa na miezi tisa, ananyonya.

"Ananyonya," nikamwambia.

"Ndiyo. Atabaki."

Tulielewana. Wake wawili wa kijiji kile walikuwa wamepanda mlimani kusalimia kwao na hawakushuka tena. Mume wangu hakutaka kuwa wa tatu, na alijua kamba gani ya kunifungia. Wala hakukosea. Mtu angenifunga mkono ningekata, lakini ziwa halikatiki.

Jumanne nilitoka jogoo wa kwanza, nikiwa nimemnyonyesha mtoto mpaka akalala. Nilibeba jembe na maji kwenye kibuyu. Kupanda kwetu si mchezo, jua lilinikuta bado niko kwenye mawe ya chini. Njia kuu inapita mbele ya nyumba za watu, na kila nyumba ingenitaka salamu na habari za nyikani, nami sikuwa na muda wa kuitwa nikiwa njiani. Nikaacha njia kuu, nikafuata mfereji. Mfereji ulikuwa mkavu. Nikafurahi! Maana mfereji mkavu ni ndiva iliyokaushwa, na ndiva iliyokaushwa ni msaragambo. Sikukosea siku.

Nilifika ukungu ukiwa mzito, huoni mtu wa hatua kumi. Ndiva ilikuwa wazi, tope linang'aa kama mgongo wa mnyama. Hapakuwa na mtu. Nikaita, hakuna aliyeitika. Nikajisemea ukungu umewachelewesha, wanasubiri ufunguke. Nikaona ni bahati yangu. Nikianza sasa, nitamaliza sehemu ya mama mapema, nitaitikia nyumba ikiitwa, nitakunywa uji kwa mama, nitashuka kabla maziwa hayajaniua. Sehemu yetu nilikuwa naijua hata kwa miguu, kutoka jiwe lenye ufa mpaka mahali tundu lilipo. Nikakunja kanga, nikaingia, nikaanza.

Pale chini ya tope kuna mawe. Jembe likigonga linalia, na kwenye ukungu mlio unakwenda mbali kuliko siku ya jua. Nilichimba kwa nguvu za miaka mitatu. Nilianza hata kuimba ule wimbo wetu wa kukanyaga, kwa sauti ya kunitosha mwenyewe. Nilikuwa nimefika katikati niliposikia mtu anateremka mbio, mawe yanaporomoka, kisha sauti.

"Weka chini! Weka chini jembe!"

Alikuwa yule mrefu. Hana kitambaa kichwani, kanga ameifunga kiunoni kama watu wanavyofunga msibani. Nikaona kanga ile kabla hajasema, nikaliachia jembe.

"Nani?" nikauliza.

"Mama yake. Wa nyumba ya juu. Amefariki usiku."

Kwetu, maiti akiwa ndani, hakuna anayeshika jembe. Hata mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Hulimi, hupalilii, huchimbi hata kiazi cha kula. Ardhi siku hiyo inafunguliwa kwa kaburi peke yake, na anayeifungua mahali pengine, wazee wanasema, amechimba kaburi la pili na litatafuta mtu. Mimi nilikuwa nimechimba tangu saa mbili. Mlima mzima ulikuwa umenisikia. Waombolezaji walikuwa wamekaa uani kwa rafiki yangu, kimya, na katika kimya kile wakawa wanasikia jembe, ko ko, halafu tena ko ko, mpaka mmoja akasema, "Kuna mtu ndiva." Yule aliyekufa ndiye aliyekuwa akinipangia upande wangu wa chungu.

Nilipelekwa uani. Sikuruhusiwa kuingia ndani aliko mfiwa na maiti wake, niliachwa nje karibu na ukuta. Mama yangu alikuwa ameketi na wanawake, mguu wake umenyooka mbele, akanitazama kama anayetazama mtu akianguka kutoka mbali. Nikamwamkia kwa sauti ndogo. Hakuitikia shikamoo yangu. Aliniambia tu, "Una tope usoni."

Mzee wa maji hakunifokea. Afadhali angefoka.

"Binti, ulikuja kwa ajili ya mama yako?"

"Ndiyo, baba."

"Hakuna aliyekuambia?"

"Nilipita mfereji."

"Ulipita mfereji." Akawageukia wenzake, wakanong'ona. Kisha akasema hukumu, na ilikuwa hukumu ya huruma, nataka watu waelewe hivyo. Alisema kosa lina dawa. Nikae msibani mpaka maziko. Kaka wa mfiwa alikuwa Tanga, ametumiwa habari, watazika keshokutwa. Baada ya maziko, wachimba kaburi wakinawa mikono kwenye beseni lao, nami ninawe humo humo pamoja nao, ili jembe langu lihesabiwe kuwa lilikuwa jembe la kaburi lile. Hapo nyumba ya mama ingebaki na zamu yake kama kawaida, na mimi ningeandikwa kuwa nimefika. Lakini nikiondoka bila kunawa, jembe langu limebaki wazi, na nyumba ya mama haitagusa ndiva tena.

Keshokutwa. Nilihesabu kwa vidole kana kwamba vidole vingenipunguzia. Maziwa yalikuwa yameshaanza kuchuruzika kwenye nguo, wanawake wakaona, wakatazama pembeni. Barua ya katibu ilikuwa kifuani, nayo imelowa.

Yule mrefu akasimama. "Baba, nitakaa mimi kwa niaba yake. Nitanawa mimi."

"Jembe halikuwa mkononi mwako."

"Miaka mitatu lilikuwa mkononi mwangu, mkalikubali."

"Lile lilikuwa tope," mzee akasema. "Hili ni la maiti. Kaa chini, mwanangu."

Akakaa. Sikuwahi kumwona amekaa kwa kuambiwa.

Mama aliniita kwa kidole, nikamwinamia.

"Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya, mama."

"Nani anaye?"

"Baba yake. Ana uji, lakini uji anautema."

Mama akavuta upindo wa kanga, akanifuta tope usoni, taratibu, kama ananitayarisha kwenda kanisani. Wanawake walikuwa wanasikiliza. Mzee wa maji naye alikuwa anasikiliza.

"Shuka," mama akasema.

"Na maji?"

"Nimesema shuka. Mimi nimeshakunyonyesha wewe, sikumwuliza mtu maji."

Kabla sijaondoka nilisimama karibu na ukuta wa nyumba, upande ninaojua kuna kitanda, nikasema, "Pole, mwenzangu. Pole kwa mama." Ukuta wa udongo unapitisha sauti, tulikuwa tunaongea hivyo tangu utotoni. Nilisubiri. Ndani palikuwa na mtu analia pole pole, mwingine anakohoa. Jibu halikutoka. Nikaliacha jembe langu pale pale uani, maana sikuweza kulibeba tena, nikashuka.

Nilimwacha mwanamke aliyenilisha bila kuzikwa. Nilimwacha mama bila maji. Mbele yangu nyika yote ilikuwa wazi, mashamba ya mkonge yamepangwa, na kijiji chetu kinaonekana mistari yake minyoofu kama kimechorwa. Hakuna aliyekuwa ananisukuma. Njia ilikuwa pana, na kila hatua nilijua siwezi kugeuka.

Mume wangu alikuwa mlangoni, mtoto begani anapiga kelele zilizokwisha sauti. Nilimchukua. Alishika ziwa kwa hasira, akaniuma.

"Umerudi," mume wangu akasema.

"Ulijua nitarudi."

Jioni ile ndiye aliyekwenda kumrudishia katibu barua, na ndiye aliyeteka maji, kazi ambayo hakuwahi kuifanya kabla. Hatukulizungumza jambo lile. Kesho yake nilikuwa wa kwanza kwenye safu ya palizi.

Jumatano iliyofuata nilikwenda gulio. Tangawizi za watu wengine zilikuwepo, za rafiki yangu mrefu hazikuwepo. Jumatano nyingine pia. Wanawake wa upande wetu walinisalimia kwa kukaza midomo. Mmoja aliniuzia ndizi akaweka pesa zangu chini badala ya kuzipokea mkononi. Niliacha kuutazama mlima. Nilifanya lile jirani yangu aliloniambia, si kugeuza mlango, lakini nilihamisha jiko nyuma ya nyumba ili nipike nimeupa mlima mgongo. Nilijua maharage ya mama wakati huo yalitakiwa yawe yanatoa maua, na maua yakikosa maji siku nne yanaanguka. Nilikuwa nahesabu siku nne nne.

Sikumbuki ilikuwa wiki ya ngapi. Nilikuwa nimeinama kwenye chumvi, nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Huyu anakanyaga kama kuku."

Niligeuka. Alikuwa wa nyumba ya juu mwenyewe, amenyolewa kichwa kwa msiba, uso umekuwa mdogo kama wa mtoto. Nilitaka kumwangukia, sikujua kama naruhusiwa. Akanishika yeye mikono, yote miwili, mbele ya wale wanawake wa midomo.

"Nilisema pole ukutani," nikamwambia.

"Nilisikia."

"Hukujibu."

"Ningejibuje? Nilikuwa nimeshika kidevu cha mama kisidondoke." Akaikaza mikono yangu. "Jembe pia nililisikia. Wa kwanza kulisikia ni mimi. Wewe unagonga mara mbili halafu unapumzika, tangu zamani, mvivu wewe. Nikamwambia mama, huyo amekuja. Nilifurahi. Mama yangu amelala pale na mimi nikafurahi. Mungu anisamehe."

Nikalia, yeye hakulia, nadhani machozi alikuwa ameyamaliza.

"Maji?" nikauliza.

"Zamu ya mama yako wamepewa watu wengine."

Nilijua, lakini kujua na kuambiwa ni vitu viwili. Akafungua furushi lake, akanitolea maharage mabichi, maganda mazima, ya kijani, yamejaa. Nikayatazama. Maharage ya mama yana mstari mwekundu kwenye ganda, hakuna mwingine mwenye mbegu ile.

"Haya yamekunywa nini?"

"Mfereji wangu umeingia panya," akasema, uso mkavu kabisa. "Ametoboa tundu pale panapopakana na kwenu. Kila zamu yangu ikifika, panavuja."

"Mzee wa maji?"

"Alikuja kuona. Akasema ziba. Nikaziba, anaangalia. Panya akarudi."

"Na yule mrefu?"

"Kwake panya ni wakubwa zaidi. Ndiyo maana haji, analinda tundu. Mzee alipita juzi akamwuliza mama yako, haya maharage yanakunywa umande? Mama yako akasema, umande mwingi mwaka huu, baba. Mzee akajikohoza akaenda zake."

Nilicheka nikiwa bado nalia, kamasi zote nje. Mwenzangu akacheka, kisha akashika kichwa chake kilichonyolewa kama amekumbuka kwamba hapaswi. Nilitaka kumwuliza mengi. Walimzika upande gani, nani aliimba, mama anatembeaje na ule mguu kufuata maji yanayokuja bila saa. Nilitaka kumwuliza panya atadumu miaka mingapi, na mzee atavumilia mingapi. Na nilitaka kumwambia kwamba sitapanda, kwamba mkono wangu hautagusa tope lile tena maadamu sikunawa, kwamba wao wawili watabaki wanatoboa mifereji yao kwa ajili yangu na mimi nitabaki hapa chini nikiangalia.

Lakini balozi alikuwa ameshapuliza filimbi. Kundi letu lilikuwa linajipanga, jirani yangu wa Kigoma ananiita, mtoto wangu analia mgongoni kwake.

"Nenda," mwenzangu akasema. "Wasije wakakuacha."

"Wiki ijayo?"

"Nikipata. Au yeye, panya wakilala."

Nikafunga maharage kwenye upindo wa kanga, nikamchukua mtoto, nikaingia mahali pangu kwenye safu. Nilipogeuka, alikuwa ameshaanza kupanda. Tulitembea kwenye vumbi, na mimi nilishika lile fundo kwa mkono mmoja njia nzima, na usiku ule niliyapika bila kuwaambia wa nyumbani yametoka kwenye shamba gani.